Wembe wa babu: ung'arishwe au uachwe ulivyo?

SWALI: Shikamoo fundi. Nakuandikia kutoka Tanga. Babu yangu mzaa baba alikuwa kinyozi, na alipofariki mwaka jana aliacha wembe wake wa kukunja. Shingoni una picha ya watu wawili wamesimama bega kwa bega, kisha maneno J. A. HENCKELS, ZWILLINGSWERK, SOLINGEN, na upande wa pili GERMANY. Kwenye bapa kuna mabaki ya maandishi ya rangi ya dhahabu, hayasomeki sawasawa. Mgongo na mkia una madoa meusi. Bapa, pale linapoingia ndani ya mpini, lina kutu nyekundu. Mpini ni wa rangi ya maziwa yaliyochacha, una nyufa ndogondogo, na nyumbani wanasema ni pembe ya ndovu. Ami anataka tuupeleke kwa fundi wa grenda ang'arishe uwe kama kioo, tuuweke kabatini sebuleni. Kaka yangu aliye Maskati anasema usiguswe kabisa, eti vitu vya kale vina bei vikiwa vilivyo. Mimi nataka tu usiharibike, maana naambiwa ndio ulioninyoa nywele za akika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Poleni kwa msiba, Mungu amrehemu mzee.

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Grenda hapana. Na hilo la kaka yako la kutougusa kabisa, hapana pia, kwa sababu kutu nyekundu haisubiri bei ipande. Uondoeni kutu inayokula, kisha mkono ukome hapo hapo. Madoa meusi yabaki, na maandishi ya dhahabu yasisuguliwe hata kwa kitambaa kikavu. Lakini hayo yote ni ya pili. La kwanza ni mpini, na sidhani kama yupo mtu hapo nyumbani anayeushuku.

Hebu yasome tena maneno yako mwenyewe. Mkia na mgongo, sehemu ambazo hubaki nje hata wembe ukikunjwa, zina madoa meusi tu. Kutu nyekundu iko pale bapa linapojificha. Sasa wembe huu umekaa Tanga, kwenye joto na hewa ya chumvi. Ingekuwa hewa ya bahari ndiyo iliyouponza, ingeanza na mkia, maana mkia hauna kifuniko na ndio unaoshikwa na vidole vyenye jasho. Mkia umesalimika, kilichoumia ni kile kilichofungiwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ya wembe ni mpini.

Nadhani mpini huo si pembe ya ndovu. Nadhani ni seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo kabisa, ambayo Mmarekani John Wesley Hyatt aliipatia hataza mwaka 1870 wakati watu wakitafuta kitu cha kushika nafasi ya pembe kwenye mipira ya biliadi. Viwanda vya nyembe viliipenda mno. Iliweza kuigiza pembe, gamba la kasa, hata lulu, kwa bei ndogo. Shida yake iko kwenye asili yake: ni pamba iliyotiwa asidi ya nitriki, ikachanganywa na kafuri. Miaka ikipita ule mchanganyiko huanza kuachana. Kafuri hutoroka kidogo kidogo, mpini unabadilika rangi, unapasuka vijistari kama vyungu vya zamani, na hewa ya asidi inaanza kutoka. Hewa hiyo ikikutana na unyevu inatua juu ya chuma kilicho jirani, na hakuna chuma kilicho jirani zaidi ya bapa la wembe wenyewe. Joto na unyevu wa Pwani huharakisha mambo. Niliwahi kufungua sanduku lenye nyembe saba za mteja mmoja. Mmoja mpini wake ulikuwa umeanza kutoka jasho, na nyembe zilizolala karibu nao zilikuwa zimeshika kutu upande ule ule ulioelekea kwake, kana kwamba amezipulizia.

Kwa hiyo hata Ami akipata kioo chake leo, akikikunja na kukirudisha ndani ya mpini ule ule, kutu itarudi. Mtakuwa mmepoteza chuma bure.

Kuhakikisha ni rahisi. Osha mikono, kausha, kisha sugua mpini kwa kidole gumba, harakaharaka, mpaka usikie joto. Uupeleke puani. Ukisikia kafuri, ile ile unayoijua ya kwenye sanda, ni seluloidi. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, ni seluloidi iliyokwisha kuanza kuoza. Kisha chukua simu, washa tochi, upige picha ya karibu kabisa ya ukingo na kichwa cha mpini. Seluloidi inayoigiza pembe huwa na mistari iliyonyooka, sambamba, ya nafasi sawa, kama daftari la shule. Uzuri wake ndio unaoiumbua. Pembe halisi, pale ilipokatwa kwa kukingama, huonyesha mistari inayopishana kama mkeka. Mfupa una vidoa vyeusi vidogo, ni njia za damu za mnyama. Atakuja mtu kukwambia uchome kwa sindano ya moto ili ujue. Usithubutu. Seluloidi ni ndugu wa karibu wa baruti ya pamba. Inashika moto kwa kasi ambayo hutaiamini mpaka uione, na nisingependa uione.

Na ikitokea kwamba ni pembe kweli? Basi suala linahama kutoka kwa fundi kwenda kwenye sheria. Viwanda vya visu vya Ulaya vilitumia pembe kwa wingi, na sehemu kubwa ya pembe za Afrika Mashariki ilipita bandari ya Unguja, kwa hiyo si jambo la ajabu. Lakini Tanzania pembe ya ndovu huhesabiwa nyara za serikali, na kuimiliki bila kibali ni kosa, na biashara ya kimataifa ya pembe ilifungwa kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa mataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Uzee wa kitu haukuondolei ulazima wa karatasi. Waulizeni maofisa wa wanyamapori kwanza, na kaka asibebe kitu hicho kwenye begi kwenda Maskati kabla ya hapo.

Tuje kwenye grenda.

Fundi wa grenda si mtu mbaya. Geti lako mpelekee. Wembe wa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, lakini ni kitu kingine. Bapa lake limechimbwa pande zote mbili kwa mawe ya mviringo, hivi kwamba ukiutazama kwa kichwani umbo lake ni kama herufi V iliyobonyea mashavu. Mgongoni chuma ni kinene, karibu na makali ni chembamba kama karatasi. Ugumu wa chuma hicho ulipatikana kwa moto. Kilichovywa kikiwa chekundu kikawa kigumu kama kioo, kisha kikapashwa tena polepole kwa joto dogo ili kipunguze ukali wa kuvunjika. Kukipasha joto zaidi ya lile la pili ni kuanza kuufuta ugumu wake. Na chuma chembamba hakina pa kulipeleka joto. Gurudumu linaligusa bapa sekunde mbili tatu, makali yameshafika nyuzi 220, yamekuwa rangi ya nyasi kavu. Sekunde nyingine, zambarau. Yakifika karibu na nyuzi 300 ni buluu ya kupendeza macho, na wembe umekufa. Utang'aa, utapigwa picha, lakini hautashika makali tena hata ukinolewa na nani.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Nilikuwa kijana, gurudumu la kung'arishia nimelinunua wiki ile, na mzee mmoja akaniletea wembe wa baba yake. Ulikuwa na picha ya meli bapani, imechorwa kwa asidi, nyepesi kama pumzi kwenye kioo. Nikaupaka dawa ya kung'arishia, nikauweka kwenye gurudumu. Meli ilizama kabla sijavuta pumzi ya pili. Nilipogeuza nikaona ncha ina kidoa cha buluu ukubwa wa punje ya mchele. Mzee alipokuja alitabasamu, akasema umependeza sana, akalipa. Hakugundua, au aligundua akanistahi. Mpaka leo sijui ni lipi kati ya hayo mawili linaloniuma zaidi.

Kuna na jambo la mgongo, ambalo mafundi wengi wa visu hawalijui. Kisu ukikinoa wewe ndiye unayekadiria mlalo wake kwenye jiwe. Wembe wa kukunja haukadiriwi. Unalazwa ubapa kabisa, mgongo na makali yote mawili yakigusa kinoo kwa wakati mmoja, na ule unene wa mgongo ndio unaopanga mlalo wa makali. Ni kipimo kilichojengwa ndani ya chombo chenyewe. Grenda ikila mgongo upande mmoja zaidi ya mwingine, kipimo kimepinda. Yule wa baiskeli anayepita mitaani akinoa visu na mikasi, naye mpishe apite. Kwa kisu cha samaki hana mpinzani, lakini jiwe lake ni la mviringo na la haraka.

Sasa fanya jambo moja kwa ajili yangu. Ulaze wembe chini ya taa, utazame mgongo wake. Utaona ukanda uliobapa, laini, unang'aa kuliko sehemu nyingine, pande zote mbili. Pengine ni mpana zaidi upande wa ncha kuliko upande wa kisigino, yaani mwisho wa bapa ulio karibu na shingo, au kinyume chake. Huo haukutoka kiwandani. Ni kinoo cha babu yako, asubuhi kwa asubuhi, miaka yote ya kazi yake, na pale ukanda ulipopanuka ndipo mkono wake ulipobonyeza zaidi. Pima pia upana wa bapa, kutoka mgongoni hadi makalini, karibu na ncha, kisha karibu na kisigino. Nyembe hizi hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na nyingi za vinyozi zilitoka kiwandani zikiwa na sehemu tano au sita za nane, yaani milimita 16 au 19. Wa babu ukikuta una 14 hivi mbele na 15 nyuma, basi hizo milimita zilizopungua zimekwenda kwenye vichwa vya watu wa Tanga, na kimoja ni chako. Msasa wa fundi huondoa alama hizo kwanza kabla ya kuondoa kutu, kwa sababu ndizo zilizo juu.

Kuhusu historia yake nitasema machache, maana najua kaka atauliza. Wale wawili waliosimama ni mapacha, na ndiyo maana ya neno Zwilling kwa Kijerumani. Alama hiyo iliandikishwa Solingen tarehe 13 Juni 1731, ni miongoni mwa alama za biashara kongwe zinazotumika hadi sasa. Tarehe hiyo ni ya alama, wembe wako ni mdogo sana kwake. Neno GERMANY ndilo lenye msaada. Wahunzi wa Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, walikuwa wamechoka kuona visu vya Kijerumani vikipigwa jina la mji wao, wakapiga kelele, na mwaka 1887 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya alama za bidhaa. Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya 1890, ikadai kila bidhaa ya nje iandikwe nchi ilikotoka kuanzia 1891. Wembe wenye GERMANY shingoni kwa kawaida ni wa baada ya hapo. Mpini wa seluloidi unakubaliana na hilo. Ila msikimbilie kusema ni wa enzi za Mjerumani kwa sababu tu mko Tanga. Bidhaa za Solingen ziliendelea kuuzwa duniani kote baada ya vita vyote viwili, na babu angeweza kuupata dukani, au kwa baharia, au kwa kinyozi aliyemfundisha kazi. Kama yupo mzee anayekumbuka aliupata wapi, mwulize sasa na uandike. Karatasi hiyo ina thamani kuliko dhahabu iliyobaki bapani.

Dhahabu hiyo, kwa njia, ni ukungu tu. Maandishi yalichorwa kwa asidi, kisha yakapakwa dhahabu nyembamba mno. Dawa ya meno inaitoa. Majivu na ndimu, dawa ya bibi zetu kwa sinia za shaba, yanaitoa na kuacha asidi juu yake. Hata kitambaa kikavu kikipita mara nyingi kinaitoa. Nakumbuka niliwahi kucheka peke yangu niliposoma kilichomo ndani ya ule unga mwekundu ambao mafundi wa Sheffield waliutumia kuufanya wembe uwe kioo: ni oksidi ya chuma iliyosagwa laini. Yaani kutu.

Na bei? Kaka yako nimwambie ukweli. Kanuni yake ni sahihi: wanunuzi wa vitu vya kale hulipa zaidi kwa wembe wenye maandishi yake na mistari yake ya kiwandani, ile midogo iliyoachwa na mawe yaliyochimba bapa, kuliko uliong'arishwa. Lakini Henckels walitengeneza nyembe kwa wingi mno na nyingi ziko hai, safi, hazina kutu, bado zimo kwenye boksi zao. Wembe wa kinyozi uliotumika mpaka ukapungua, wenye kutu bapani na mpini unaooza, si utajiri. Kwa mnunuzi ni mmoja kati ya nyingi. Na jambo la pembeni ambalo hukuniuliza: kama mirathi haijagawanywa, wembe ni wa warithi wote, basi asiung'arishe mmoja wala asiuuze mmoja.

Kazi yenyewe sasa. Usiifanye siku ya mvua, wala jikoni.

Kwanza utenge wembe na mpini wake. Umeshikwa kwa pini ndogo za shaba zenye vikofia vya duara. Ukipata sonara mwenye subira, mpelekee yeye badala ya fundi mwingine yeyote. Anayo tupa ndogo na anajua kuheshimu kitu kidogo. Apunguze kichwa cha pini upande mmoja tu, wa nyuma, na aisukume itoke. Asipashe moto, nimeshakwambia kwa nini. Asiguse mpini kwa asetoni wala spiriti, vinauyeyusha. Mwambie asitupe kitu, hata kile kikabari kidogo cha mwisho wa mpini.

Kisha utafute mafuta ya cherehani, yale mepesi ya chupa ndogo. Mafuta ya nazi usitumie, yanachacha na kugeuka asidi. Bandika makali utepe wa karatasi ili usijikate, na laza bapa juu ya kipande cha mbao laini lipate pa kuegemea pote; bapa hili halipendi kubonyezwa likiwa hewani, linavunjika kama kashata ya ufuta. Paka mafuta penye kutu nyekundu, uache mpaka kesho. Kesho chonga kijiti cha mwanzi kama kalamu ya chuoni na ukwangue polepole, daima ukielekea upande wa mgongo au kwa urefu wa wembe, kamwe usielekee makali. Nyekundu itatoka kama tope. Futa, paka tena, rudia. Huenda ikachukua siku nne. Pale ambapo kijiti kimeshindwa kabisa, na pako mbali na maandishi, chukua msasa wa maji wa namba 2000, kipande cha ukubwa wa ukucha, kikiwa kimelowa mafuta, na ufuate mwelekeo wa mistari ya kiwandani, ukiitazama chini ya taa. Ukiona unaanza kufurahia mng'aro, weka chini.

Chini ya nyekundu utakuta vishimo na madoa meusi. Vishimo haviondoki bila kuondoa chuma kinachovizunguka, viache. Nyeusi nayo ni oksidi ya chuma, lakini ya aina iliyotulia. Imeshikamana, haitoki ungaunga, inaliacha bapa likipumzika. Jinsi ya kuzijua: funga kitambaa cheupe kidoleni, kitie tone la mafuta, ufute mara moja. Kikirudi na rangi ya manjano ya binzari, bado kutu iko hai. Kikirudi na kijivu, imelala. Rudia kipimo hicho baada ya wiki mbili, kisha kila baada ya mwezi mpaka mvua za masika zipite.

Mwisho paka Vaseline nyembamba, shika wembe kwa kitambaa badala ya vidole vitupu, na uuzungushie karatasi nyeupe isiyo na wino. Usiuweke ndani ya ala yake ya ngozi. Ngozi ina asidi yake na inanyonya unyevu. Vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye boksi za viatu ndivyo hasa vinavyofaa kuwekwa pamoja na wembe. Mpini ukae mbali, kwenye bahasha ya karatasi isiyobana, penye hewa, mbali na jiko na dirisha la jua. Usiufungie kwenye mfuko wa plastiki wala kopo. Ukifungiwa unajila wenyewe kwa kasi zaidi.

Mkitaka wembe ukunjike tena, kuna mpingo. Mchongaji yeyote anayejua kazi atatoa vibao viwili vya unene wa milimita tatu hivi, na sonara yule yule atatia pini mpya za shaba. Hakitapotea kitu, kwa sababu siku mtu akitaka kuurudisha ulivyokuwa, mpini wa zamani upo bahashani na matundu ya wembe hayakuguswa. Ndiyo tofauti na msasa.

Kunyolea, sikushauri. Kishimo kimoja kikifika kwenye makali, hapo makali ni msumeno, na kutu iliyoanzia ndani ya bapa mara nyingi imeshafika. Halafu wembe huo umepita kwenye damu ya watu wengi wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiwaza homa ya ini. Kama kuna kijana wa nyumbani anayetamani kujinyoa kwa wembe wa kukunja, amnunulie kinyozi wa leo chai amfundishe kwa wembe wa kubadilisha.

Nisije nikaonekana nina dini ya kutogusa. Nyembe nimeng'arisha nyingi, kwa mkono, na nitaendelea. Wembe wa mnadani usio na maandishi, ulioharibiwa tayari na mtu wa kabla yangu, ambao mwenyewe anataka kunyolea na haukumbuki uso wa mtu yeyote, huo naupiga msasa kuanzia namba 600 hadi 3000 na nalala usingizi. Wenye ROSTFREI, yaani chuma kisichoshika kutu, huo hata hauna hadithi nyingi. Wa babu yako hauko kwenye kundi hilo.

Ami nadhani utampata kwa njia moja. Usibishane naye kuhusu kutu. Mpelekee wembe kwenye mwanga wa asubuhi, umwonyeshe ule ukanda wa mgongoni, kisha mwambie fundi wa grenda ataanza hapo. Kama bado anataka kitu cha kung'aa sebuleni, mpini wa mpingo ukipakwa nta unang'aa vizuri sana.

Anza na kidole gumba, leo. Ukishaunusa, nenda kanawe mikono, na mpini usirudi kabatini na vitu vingine vya babu.